Mpira wa Kwanza

...na kwa nini hakumfunika, nilimwambia abaki nyumbani, na kama ni lazima aje basi amtupie kitenge usoni, aseme jua kali, aseme vumbi, na sasa huyo anakatisha uwanja wa Bugene mchana kweupe, mke wangu Placidia, mtoto mgongoni, uso wazi na lile shavu limejaa upande mmoja hadi jicho limebanwa, na kipaza sauti cha usharika kinakoroma kwamba mtoto wetu mgonjwa ndiye atakayepiga mpira wa kwanza, mpigieni makofi, na makofi yakaanza halafu yakafa, nimeyasikia yalivyokufa, kwanza kule walikokaa akina mama wa Ndama, kisha upande huu wote... na mimi nimesimama katikati, kapteni, mguu juu ya mpira, ndani ya fulana ya kijani tuliyopewa na chama cha msingi cha wakulima, refa Mwalimu Gaudiosus keshaweka filimbi mdomoni anangoja, na huyu Nsabimana, kapteni wa Ihembe, akanisogelea akauliza kwa sauti ya chini, mtoto wa nani yule, maskini, nami nikasema...

"Wa wodini tu. Simjui."

...simjui, limetoka lenyewe, laini, kama mtu anavyosema leo kuna joto, wakati nusu ya uwanja wanamjua mke wangu, na Fidele, beki wangu, yuko hapa nyuma na amesikia, Fidele ambaye nyumba yake na yangu zimetenganishwa na migomba tu, anayemsikia binti yangu Kokuberwa akilia alfajiri, ameinama anafunga kamba za viatu ambazo zimeshafungwa... na mashindano haya niliyaleta mimi, nilizunguka na baiskeli hadi Ndama, hadi Ihembe, nikawaambia vijana tucheze kwa ajili ya watoto wenye kansa, kila mtazamaji aje na mkungu, na maharage, na chochote alichonacho, wapate kufika Mwanza kwenye dawa, watoto, nilikuwa nasema, watoto, kama vile ni wa nchi nyingine, na mchungaji akanishika mkono mlangoni mwa kanisa akasema una moyo, Anastazi, nami nikainamisha kichwa kama mtu mwenye moyo, na nyumbani wageni nawaambia ni jino, jino baya, litang'olewa, na wakikaa sana namwambia mtoto nenda chumbani, mwanangu, kalale, naye anakwenda, hana usingizi lakini anakwenda... jana Placidia alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa, akaniuliza hao watu kesho wanakuja kumchezea nani, nikamwambia usianze, akasema Mwalimu ameomba Kokuberwa apige ule mpira, nikasema hapana, watamcheka, akasema hakuna atakayemcheka, baba Kokuberwa, ni wewe tu... na hakumaliza, akaendelea kumenya, nami nikatoka nikidhani yamekwisha... na kweli hakuna anayecheka, nasikiliza, natafuta hata mmoja acheke ili niwe nilisema kweli, hakuna, wamama wamesimama, mmoja ametoa kilemba kichwani anakishika mkononi kama yuko kanisani, na Placidia haangalii pembeni, anatembea kama anakwenda kuchota maji, amefika, anamshusha mtoto taratibu, anamnyoosha gauni, lile la Krismasi, limekuwa kubwa tena, na nywele zake zilizonyonyoka kwa dawa, na miguu ile, na mimi ninachoomba ni kimoja tu, asiniite, Mungu wangu, asiite tata, baba, kama anavyoita akisikia baiskeli yangu jioni, asiite mbele ya huyu Nsabimana... ameniona, jicho lile zima limenipata, linang'aa, mdomo unafunguka upande unaoweza kufunguka, sasa, sasa linakuja, halafu anamtazama Nsabimana, mtu mgeni, ananitazama mimi usoni, sijui ameona nini huko, na anaufunga mdomo, polepole, anageuza lile shavu upande wa mama yake lisionekane, vilevile anavyofanya wageni wakibisha hodi, kabla hata sijamwambia aende chumbani... ananisitiri, mtoto wa miaka mitano ananisitiri mimi mbele za watu, na hakuna aliyemfundisha ila mimi, na filimbi bado iko mdomoni mwa Mwalimu, Fidele bado ameinama, mguu wangu bado uko juu ya mpira, wala sitaki tena kitenge, sitaki wageuke, waangalie, waangalie wote, niite, Kokuberwa, niite kwa sauti hadi wasikie walioko barabarani, niite mara moja tu nami nitaitika... na yeye ameinamisha kichwa anautazama mpira, kwa adabu, mikono nyuma, kama mtoto aliyepelekwa kwenye nyumba ya watu asiowajua.