Taa Alizozipitisha Keziah

Katika kiwanda cha taa za gesi cha Bwana Pargeter, mjini Birmingham, hakuna taa iliyotoka kabla Keziah Tranter hajainusa. Mafundi walipokwisha kuunga mabomba ya shaba, yeye alifungulia gesi, akapitisha pua kwenye kila kiungo. Kwa miaka kumi na mmoja hakukosea hata mara moja.

Kipupwe kimoja homa ilimlaza wiki mbili. Aliporudi kazini, hakusikia harufu yoyote, si ya gesi wala ya kitunguu. Alinyamaza. Mjane wa miaka hamsini angeajiriwa na nani? Akaendelea kuinama juu ya kila taa kama zamani, akiitikia kwa kichwa.

Mwezi Machi taa moja ilivuja katika duka la mshona kofia. Wasichana wawili waliolala humo walikutwa asubuhi wameshakufa. Bwana Pargeter akamfukuza Enoch Dugmore, fundi aliyeiunga, akisema alikuwa amelewa.

Keziah akapanda ofisini kwake, akakiri kila kitu.

“Nani mwingine anajua?” Bwana Pargeter aliuliza.

“Hakuna, bwana.”

“Basi na asijue mtu mwingine. Fundi mlevi ni balaa ya taa moja. Mnusaji asiyenusa ni balaa ya taa zote tulizouza tangu Krismasi.”

“Enoch hanywi, bwana.”

“Tangu jana anakunywa.”

Keziah alitoka hapo moja kwa moja hadi kwa Enoch. Alimkuta amekaa jikoni, mkewe akimenya viazi bila kuinua macho. Alimweleza yote, akangoja matusi.

“Kile kitundu nilikiacha mimi, Bi Keziah,” Enoch alisema taratibu. “Kila fundi huacha vitundu. Ndiyo maana wewe uliwekwa pale.”

Matusi yangemuuma kidogo kuliko hayo.

Kesho yake alisimama mbele ya baraza lililochunguza vifo vile, akarudia maneno yake mbele ya wazazi wa marehemu. Mama mmoja alimtazama tu, mpaka alipomaliza. Taa zilirudishwa kwa mikokoteni, nyingine zikiwa zinavuja. Kabla ya mavuno kiwanda kilifungwa, na wafanyakazi arobaini wakabaki mitaani.

Keziah akawa mfua nguo. Wenzake wa zamani walipokutana naye njiani walivuka upande wa pili. Enoch pekee ndiye aliyemwamkia, naye hakusimama kuzungumza.