Usivute, Baba

Kuna mgonjwa anayekataa dawa, na kuna anayeipokea kwa furaha halafu akaiharibu kwa ufundi wake mwenyewe. Baba yake Jemedari alikuwa huyu wa pili.

Jina la Jemedari alipewa na baba huyohuyo, tangu alipokuwa msichana akiwaamrisha kaka zake. Sasa alikuwa mama wa watoto watatu na msimamizi wa ghala la vifaa vya ujenzi, na hakuna dereva wa lori aliyethubutu kumbishia. Lakini hapa wodini alikuwa anashindwa na pua moja.

Kiharusi kilimwangusha mzee bafuni. Kiliuacha mkono wake wa kulia ukining'inia, na ulimi mzito kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Daktari akawaeleza habari za dawa iliyokuwa bado kwenye majaribio, matone ya puani. Yakitulia juu kabisa, kwenye dari ya pua, yanatarajiwa kufuata mishipa ya harufu hadi kwenye ubongo, yakalinde sehemu ambazo bado hazijafa. Siku hizi za mwanzo ndizo zenye maana. Mgonjwa alale chali, kichwa kining'inie ukingoni mwa kitanda, apumue kwa mdomo, basi. Hata mtoto mchanga angeweza.

Tatizo ni kwamba mzee alikuwa amevuta ugoro maisha yake yote. Kitu kikigusa pua yake hakisubiri kukaribishwa. Tone likidondoka tu, fyoo! Dawa yote kooni, imemezwa, na mzee analamba midomo.

"Chungu," alisema. "Hii... haikukaushwa vizuri."

"Baba, usivute!"

"Nisipovuta... itaingiaje?"

"Itaingia yenyewe!"

"Jemedari. Pua hii... iko kazini... wewe hujazaliwa."

Muuguzi aligeukia dirishani acheke kwa adabu. Alipogeuka tena, kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Dada, ikienda tumboni haimsaidii kitu. Jana vilevile, asubuhi vilevile. Daktari amesema ikishindikana na sasa hivi, anamtoa kwenye majaribio."

Jemedari alikuwa amemaliza mbinu zote. Alibembeleza, akatisha, akamshika taya kama mbuzi anayenyweshwa dawa ya minyoo. Shangazi yake aliyekuja kumwona mgonjwa alishauri waombe. Wakaomba, mzee akaitikia "amina" na kuvuta.

Wakamlaza tena. Muuguzi akainua kichupa, na tundu la pua likaanza kutanuka kabla hata tone halijaonekana. Hapo uvumilivu wa Jemedari ukakatika.

"Na ule ukuta wa jikoni umepinda!"

Hata yeye hakujua maneno hayo yametokea wapi. Mzee alikuwa mwashi, tena mwashi mwenye maringo.

"Ukuta... upi?"

"Uliojenga wewe! Mama ameuzibia kabati miaka yote hii, wageni wasiuone."

"Nani... nani kasema? Nilipima kwa timazi! Macho yenu ndiyo... yamepinda! Wewe na mama yako!"

Kichwa kikining'inia, mdomo ukiwa wazi kama lango la ghala, mzee alifoka, akahema, akafoka tena. Muuguzi alimgusa Jemedari bega, kisha akadondosha. Tone likaingia. Pua haikukumbuka kazi yake.

"Timazi... haidanganyi!"

"Inadanganya ikishikwa na mtu anayepiga chafya!"

"Polepole, dada, presha yake," alinong'ona muuguzi. Alisubiri, akachungulia kooni kwa tochi. "Imekaa. Haijashuka hata kidogo."

Jemedari aliegemea ukuta. Alitaka kulia, lakini muuguzi alikuwa tayari amehamia upande wa pili wa kitanda.

"Bado tundu la kushoto. Unacho kingine cha kumchokoza?"

Mzee alikuwa ameanza kufumba mdomo. Jemedari akajifuta jasho kwa kiganja.

"Baba," alisema, "hebu tuzungumze kuhusu zile ngazi ulizojenga kwa mjomba."