Nguzo ya Nne

Kila Jumamosi saa nane mchana mfagiaji wa jumba la maonyesho alianzia safu ya nyuma, chini ya roshani, maana huko ndiko watu wanakotupa maganda ya karanga. Akifika kwenye nguzo ya nne husema, "Inua mguu, baba watoto," na marehemu mumewe huinua mguu.

Alikuwa fundi mwashi. Mwenye jumba aliifuta nguzo ya nne kwenye ramani ili wageni wa heshima walione jukwaa vizuri. Fundi akasema roshani haitakaa. Akaambiwa kazi yake ni kujenga, si kusema. Roshani ikamwangukia. Ikamwagiwa zege upya, kwa ramani ileile, na siku ya tatu baada ya mazishi fundi alirudi, akasimama kwenye pengo, mabega chini ya boriti. Ni miaka kumi na mmoja sasa. Watazamaji humtundikia makoti.

Wiki moja magoti yake yalianza kutetemeka, na boriti ikapasuka ufa. Mkewe akabandika kipande cha kioo juu ya ufa huo, kama alivyofundishwa na mumewe: kioo kikikatika, ufa unatembea. Asubuhi ya Jumamosi alikikuta vipande viwili. Na saa kumi jioni wanafunzi arobaini wangeimba juu ya roshani hiyo, kitinda mimba wake akiwa mbele. Aliogopa hadi ufagio ukamwia mzito.

Mkaguzi wa majengo alikuja na futi yake. Akampima fundi kifua na urefu.

"Hii moja inatikisika," alisema.

"Amechoka, mzee. Watoto wasipande."

"Nguzo haichoki, mama. Ipakeni rangi."

Mwenye jumba akasema rangi ipo. Fundi alipakwa hadi kwenye nyusi.

Saa kumi watoto wakapanda. Mfagiaji akamgeukia mumewe.

"Utaweza?"

"Sitaweza, mama watoto." Hakuwahi kumdanganya.

Vumbi la zege likamdondokea mkewe usoni. Akauegemeza ufagio ukutani, akavua viatu, akajibana kando ya mumewe na kuweka bega chini ya boriti. Uzito ulimshuka hadi visiginoni. Juu, bintiye akaanza ubeti wa kwanza.

Watu walipiga makofi, wakaenda zao. Binti alimsubiri mama yake mlangoni mpaka taa zikazimwa; mama alikuwa bado chini ya boriti.

Jumatatu mwenye jumba alibandika tangazo langoni: anahitajika mfagiaji, asiwe na maneno mengi.