Roki Nyuma ya Ukuta

“Groupe itatoka,” alisema Papa Télesphore, mwenye depo, “lakini itatoka na Omer. Omer akibaki, nayo inabaki.”

Hapo ndipo Omer alipojua kwamba mdomo umemponza. Asubuhi ile ya Jumapili komite ya tamasha ilikuja kwenye depo ya samaki kutafuta barafu tu, ya kupozea bia, na nyuso zao zilikuwa za msibani. Umeme wa mji ulikuwa umekatika tangu jana. Bila umeme wanamuziki wa bendi ya Mukuba Roki hawapigi, na wasipopiga leo hawapigi tena, maana ziara yao iliyoanzia Likasi, ikapita Kamina, Kabalo na Nyunzu, ilikuwa inaishia Kalemie, na kesho treni inawarudisha kwao. Omer alikuwa ameinama akipanga migebuka kwenye kasha. Akainuka, mikono inatiririka maji ya samaki, akasema, “Si groupe iko hapa?” Nani alimuuliza? Hakuna aliyemuuliza.

Groupe ndivyo watu wa huku wanavyoiita jenereta. Ile ya Papa Télesphore ilikuwa nzee, ya kunywa mafuta ya mazuti, na ilikaa pale kwa ajili ya chumba cha baridi siku ambazo umeme umekufa. Kuiondoa ni kuwaacha samaki wategemee huruma ya barafu mpaka jioni. Lakini mkuu wa komite, Apollinaire, alikuwa amemwoa binti wa Papa Télesphore, na mkwe akija mlangoni kwako na kofia mkononi, utamnyima vipi? Mzee akakubali huku amenuna, na mnuno wote akammalizia Omer.

“Ikiharibika, mimi najua weye tu,” akamwambia.

Kwenye kitambulisho aliandikwa Ngoy, kwa sababu majina ya ubatizo, ya padri, serikali ilikuwa imeyakataza, lakini nyumbani na kazini alibaki Omer. Kwa nini mtu mzima, baba wa watoto, ahangaike na roki? Wenzake wa depo walimcheka bila kuchoka. Wao walikuwa watu wa rumba, wanataka wimbo unaomshika mtu kiuno taratibu, si makelele ya vijana wenye nywele kama kichaka. Omer aliwaacha wacheke. Alijua tu kwamba maisha yake yote ameyapitisha kando ya mashine inayonguruma, na siku aliyosikia kwenye redio gitaa la yule Symphorien wa Mukuba Roki, alisimama katikati ya uwanja na ndoo mkononi, akajisemea kwamba hii ni injini iliyofundishwa kuimba.

Wimbo wenyewe uliitwa “Tanuru”. Aliujua wote, isipokuwa mwisho. Mwishoni wengine wote wananyamaza, gitaa linabaki peke yake, linaanza kupanda, na hapo hapo mtangazaji anaingia na sauti yake ya mtu aliyetoka kuamka na hotuba za chama. Kila mara. Omer alishawahi kuitukana redio mbele ya mama mkwe wake kwa ajili hiyo. Leo, kwa mara ya kwanza, hakuna mtangazaji wa kumkatia. Tiketi aliinunua siku ileile ziara ilipotangazwa, akaificha ndani ya Biblia ya mkewe, akijua haitaibiwa na mtu.

Waliisukuma jenereta kwa mkokoteni mpaka ukumbi wa misheni, wakaiweka nyuma, upande usio na madirisha, ili ngurumo yake isiwaudhi watu. Waya ukapitishwa juu ya ukuta. Omer aliwaza kuiwasha, kuiacha, na kuingia ndani kukaa kama watu. Na angefanya hivyo, kama si springi. Springi ile ndiyo inayoipa injini mafuta zaidi inapobeba mzigo mzito na kuipunguzia inapobeba mwepesi, nayo ilikatika tangu masika. Kule depo haikuwa taabu: chumba cha baridi kinavuta umeme kwa kiasi kilekile kutwa nzima, kwa hiyo Omer alikifunga kile chuma cha kuongezea mafuta kwa waya mahali pamoja, mambo yakaenda. Nani angefikiria gitaa? Vijana walipojaribu vyombo vyao, injini ilikohoa, ikazama, ikafa. Walipoacha kupiga, ikapaa nusura ipasue taa.

“Basi ushikilie hiyo chuma na mukono,” Apollinaire alisema. “Wakipiga nguvu, uongeze. Wakipunguza, upunguze.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka mwisho, Papa Omer. Tufanye namna gani?”

Omer alimtazama. Alitaka kusema mengi, akasema moja tu. “Ile ‘Tanuru’ ikifika, mutu aje anipokee. Ile moja tu. Nitamuonyesha namna ya kushika.”

“Nitakuja mimi mwenyewe,” Apollinaire akasema, akamshika bega. “Nakuapia.”

Tiketi isioze bure, akampa mkewe. Adolphine alikuwa mtu wa kwaya, na alikuja na kitambaa cha kichwani cha misa.

“Papa Émérence, mimi nitaenda kufanya nini mule?” aliuliza, akimwita kwa jina la binti yao wa kwanza. “Hizi vitu zinaniumiza kichwa.”

“Enda usikilize mwisho wa ‘Tanuru’. Mengine uzibe masikio.”

Kwanza walitoka vijana wa chama na ngoma zao kuimba sifa za Mwongozi, mkuu wa nchi. Wao hawakuhitaji umeme. Jenereta ilikuwa bado imezimwa, na Omer, ameketi juu ya kopo kubwa la mazuti, aliwasikia vizuri kabisa, kila ubeti, kila kibwagizo, na walirudia vibwagizo vyote. Alikaribia kulia kwa hasira.

Kisha watu wa komite wakampigia filimbi. Akazungusha mkono wa kuwashia, injini ikashika, na dunia nzima ikawa ngurumo.

Hakusikia kitu. Sisemi alisikia kidogo, au kwa mbali, hakusikia kitu. Ukuta ulikuwa pale mbele yake, mpana, umepakwa chokaa, na upande wa pili watu wa Kalemie walikuwa wanapata kile alichokisubiri yeye. Ila mkono wake ulianza kumwambia mambo. Wote walipopiga pamoja, kile chuma kilikuwa kizito, injini ikazama kama mtu aliyetwishwa gunia, naye akasukuma. Walipolegeza, kikawa chepesi, naye akarudisha. Baada ya nyimbo mbili tatu hakuwa anafikiri tena. Alikuwa anafuata.

Uvumilivu una mwisho. Katikati ya tamasha alikata kipande cha mpira wa baiskeli, akakifunga nacho kile chuma, akaangalia, akaona kimetulia. Akazunguka pembe ya ukumbi mbio mpaka dirisha la kwanza, akapenya kati ya migongo. Akamwona Symphorien kwa macho yake, suruali pana, shati limelowa, gitaa jekundu, mkono umeinuka juu. Mkono ukashuka, na gitaa likakatika sauti. Taa zikazimika. Ukumbi wote ukazomea.

“Nani anacheza na groupe kule?” mtu alipiga kelele karibu na sikio lake, na Omer akarudi mbio bila kujitaja. Ndivyo ilivyokuwa basi: muziki upo pale tu ambapo yeye hayupo.

Akaiwasha upya, akashika chuma kwa mikono miwili. Jua lilikuwa linashuka upande wa mji alipoona kitu mkononi ambacho alikijua. Vivuto vidogo vinne, kituo, vivuto vinne, kituo. Gitaa peke yake. Halafu wote wakaingia kwa pamoja, injini ikazama, naye akasukuma kabla haijazama, kwa sababu alijua wanaingia lini. “Tanuru”. Akageuza kichwa kutazama pembe ya ukumbi.

Apollinaire hakuja. Omer alitazama pembe ile ubeti wa kwanza, akaitazama ubeti wa pili. Alimwita kwa jina, na sauti yake mwenyewe hakuisikia. Achilia tu, akajiambia, achilia hii chuma, wakose wote, mkwe na komite yake na wale wa kwenye viti vya mbele. Kwani mimi nani? Vidole vikalegea kidogo, injini ikayumba. Akavikaza tena. Angeachilia, mwisho ule usingesikika na mtu yeyote, na mwisho ule aliupenda kuliko alivyomchukia Apollinaire.

Kisha mzigo ukaanza kupungua. Ngoma ikaondoka, sauti zikaondoka, besi ikaondoka. Kikabaki kitu chembamba kikitetemeka kwenye chuma, kinapanda, kinapanda, na Omer akakifuata kwa ncha za vidole, ameshika pumzi, mpaka kikaisha. Kiliishaje, hakujua.

Adolphine ndiye aliyekuja kwanza, baada ya injini kuzimwa. Kitambaa kilikuwa kimemteleza mpaka shingoni.

“Niambie,” Omer akasema.

Aliona midomo yake inacheza. Ngurumo ilikuwa bado imejaa kichwani mwake, kana kwamba hakuna aliyezima kitu. Adolphine akasogea, akamwambia sikioni kwa nguvu, “Haisemeki, Papa Émérence.” Akajaribu kumwimbia, na kidogo kilichopenya kilikuwa wimbo wa kwaya.

“Hapana,” Omer akasema. “Acha. Unauharibu.”

Apollinaire alitokea kwenye pembe, mikono mbele kama mtu anayeomba msamaha, anaeleza, anaeleza, na Omer akashukuru kwamba hamsikii. Nyuma yake alikuwa Symphorien, jasho linamtoka, gitaa jekundu bado limening’inia begani, waya wake unaburuta kwenye vumbi. Aliitazama jenereta, akamtazama Omer, mikono yake myeusi kwa mafuta. Akauliza kitu. Adolphine akamjibu, akionyesha ukuta, akionyesha sikio.

Symphorien akaketi juu ya kopo la mazuti, akaweka gitaa pajani, akaanza kupiga bila umeme. Vidole vikaanza kupanda kwenye shingo ya gitaa. Adolphine alifumba macho, kichwa chake kikaanza kuyumba polepole. Omer alitazama vile vidole, akainama karibu zaidi, akatega sikio la kulia, kisha la kushoto. Injini tu. Vidole vilikuwa vimekaribia juu kabisa. Akapangusa kiganja kwenye suruali, mara mbili, haikusaidia, mafuta yalibaki, akakiweka hivyohivyo juu ya ubao mwekundu wa gitaa, uliokuwa unatetemeka. Symphorien hakukiondoa, akaendelea kupiga.