Chokaa ya Birika

Mimi sina subira, na maabara nzima wanalijua hilo. Ule mtambo wa kusafisha maji niliupigania mwaka mzima, nikagombana na kila mkubwa mpaka ukaja. Ulipowashwa nilitamba sana. Wenzangu walichota humo hata maji ya chai, nami sikuwakataza.

Kwa hiyo jibu la kipimo cha mdogo wangu lilipotoka baya, sikulitilia shaka. Yeye ni fundi nguo, cherehani yake ni ya kukanyaga, na bakteria walikuwa wameingia kwenye mfupa wa mguu wa kulia. Dawa za kawaida zilishashindwa. Ilibaki moja tu ya sindano, na kwenye kipimo chetu bakteria wake waliota ndani ya dawa hiyo kana kwamba wamenyweshwa uji. Daktari wa upasuaji akasema mguu ukatwe.

Mdogo wangu alilia kama mtoto. Aliyembembeleza ni jirani yake wa kitanda, mzee tuliyemwita Babu Kicheko, ambaye mguu wake wa kushoto ulikatwa wiki iliyotangulia kwa ugonjwa huo huo. Alimwambia asijali, watanunua jozi moja ya viatu wagawane. Wodi nzima ilicheka, na mimi nikacheka.

Lakini moyo ulikataa kutulia. Siku moja kabla ya upasuaji nilirudia kipimo, na pembeni nikaweka bakteria dhaifu tunaowafuga kwa ajili ya kuhakiki, wale ambao dawa hiyo haijawahi kushindwa kuwaua. Asubuhi nilipotazama, walikuwa hai. Nilikodoa macho, nikabadilisha miwani, nikatazama tena. Walikuwa wameota tele.

Nyuma yangu karani alikuwa anachemsha chai, anajisemea mwenyewe. "Tangu mtambo uje birika halishiki chokaa. Nimepumzika kulisugua."

Hapo nikaelewa. Dawa ile ni peptidi, kipande kifupi cha protini chenye mkia wa mafuta. Peke yake haiwezi kumshika bakteria. Inahitaji kalsiamu, hiyo hiyo iliyomo kwenye chokaa, iwagandishe pamoja. Ikishamshika, mkia unazama kwenye utando wake, utando unavuja, naye anakufa. Zamani tulikoroga supu ya kuoteshea bakteria kwa maji ya bomba, yenye chokaa tele, kumbe ndiyo iliyokuwa inatubeba. Mtambo wangu ulikuwa umeifagia yote, na hakuna aliyekumbuka kuirudisha. Damu ya mtu ina kalsiamu ya kutosha. Dawa ingefanya kazi.

Nilitoka mbio na koti langu la maabara. Nilimkuta mdogo wangu yuko juu ya kitanda cha magurudumu, mlangoni kabisa mwa chumba cha upasuaji. Daktari alinitazama kama mwendawazimu, lakini alinisikiliza. Akaamuru arudishwe wodini, aanze sindano, nami nirudie kipimo kwa supu yenye kalsiamu.

Kesho yake bakteria wake wote walikuwa wamekufa. Nilipanda ngazi mbili mbili, na kabla sijakaa nilishaanza kubwabwaja: mtambo, birika, chokaa, mguu haukatwi tena. Mdogo wangu alinishika mikono. Nilikuwa na furaha mpaka sikuona kitu kingine.

"Binti," aliita Babu Kicheko kutoka kitanda cha pili. "Vipimo vyangu mlivipima kwa maji gani?"

Niligeuka. Shuka lake lilikuwa limelala bapa kuanzia gotini. Nilitafuta uongo wowote wa kumpa, nikaukosa.

"Hayo hayo, baba."

Alilipapasa shuka pale palipokuwa patupu. Kisha akamwambia mdogo wangu, bila kucheka, kwamba ile jozi ya viatu sasa atanunua peke yake.