Alama Juu ya Mstari

Mpira uliangukia juu ya mstari mweupe, ukaacha alama kwenye udongo mwekundu, na Mideva akaiona waziwazi: mpira ulikuwa ndani. Hata hivyo mdomo wake ukamtangulia.

"Nje!"

Mechi ikaisha. Kwenye viwanja vile vya tenisi vya Eldoret hapakuwa na refa; kila mchezaji huamua mipira ya upande wake, na mwenzake akitilia shaka huja kuonyeshwa alama. Mideva alisogeza kiatu, akaifuta, akingoja kuitwa mwongo. Waiyego, msichana wa Burnt Forest, hakuuvuka wavu. Alikuja kutoa mkono tu.

"Kama umeona ni nje, basi ni nje. Hongera, dada."

Afadhali angemtukana.

Mara tatu mwaka huu Mideva alikuwa ameongoza hadi pointi ya mwisho, kisha mikono ikamlegea na ushindi ukamponyoka. Wenzake wa klabu ya kwao Kiplombe walikwisha kumbandika jina, Karibu Ashinde, naye alicheka nao ili asilie. Leo palikuwa na nafasi moja tu ya kwenda Nairobi kwenye mchujo wa timu ya taifa, na alipouona ule mpira ukishuka, hakuogopa kingine ila kushindwa tena. Hakujua kwamba kuna jambo baya kuliko kushindwa. Sasa alilijua, na uso ulimwaka kwa aibu.

Kocha wake, Kageha, aliyekuwa akitazama mechi ya uwanja wa pili, alikuja mbio akamkumbatia, kisha akawaita wasichana wote waketi nyasini.

"Huyu mnamjua. Presha ilikuwa inammaliza, lakini leo ameiweza! Mideva, hebu waambie umefanya nini."

Mbele yake kabisa alikuwa ameketi Waiyego, macho mekundu kwa kulia, daftari wazi mapajani.

"Nisaidie na hiyo siri, tafadhali," Waiyego alisema, bila kejeli hata chembe. "Ile pointi ya mwisho mimi nilikuwa natetemeka mwili mzima. Wewe ulijituliza aje?"

"Nilijiambia... ni pointi tu kama zile zingine."

Waiyego akainama, akaanza kuyaandika maneno hayo moja baada ya jingine, kwa mwandiko nadhifu.

"Usiandike," Mideva akasema. "Ule mpira ulikuwa ndani."

Kalamu ikasimama. Wasichana wote wakamtazama, na Kocha Kageha akaacha kutabasamu.