Kipisi Chini ya Kiti

Mzee Nasser aliliandika tangazo kwa mkono wake, kwa rangi nyekundu, akalibandika mlangoni mwa ukumbi wake hapa Temeke: HAKUNA KUVUTA SIGARA NDANI. Bwana afya wa kata alikuwa ameshamwonya kwamba safari ijayo akikuta kipisi ukumbi utafungwa. Basi mzee akamwita msimamizi, Mwishehe, mbele yetu sisi wapishi.

"Nikikuta kipisi humu ndani, kazi huna."

Mwishehe ana watoto wanne na mguu mbovu. Kazi nyingine angeipata wapi? Basi akawa mkali. Alimtoa nje mpiga kinanda katikati ya wimbo. Siku nyingine alimtoa baba wa bwana harusi, na joho lake.

Jumamosi mchana ikawa walima, karamu ya harusi ya Malak, binti wa Mzee Nasser. Nilikuwa nagawa pilau meza ya wakwe nilipomwona mzee anatoa pakiti, anawasha. Ukumbi mzima uliona, ukainamia sahani.

Mwishehe alinifuata jikoni jasho likimtoka.

"Da Zubeda, nimwambieje?"

"Kama unavyowaambiaga wengine."

"Mbele ya wakwe zake? Siku ya mwanawe?"

Hata mimi nisingethubutu. Akaenda kumwomba Bi Bahiya, dada wa mzee, apitishe chetezo cha udi meza ile, na Bi Bahiya akaelewa bila kuelezwa. Udi ukafuka, wakwe wakafukiza kanzu zao, mzee akawasha ya pili. Heshima ya watu ikasitirika.

Bwana afya naye alikuwa mwalikwa, meza ya tatu. Alimaliza pilau, akanawa mikono, akaenda kuokota kipisi chini ya kiti cha mzee. Jumatatu ukumbi ukapigwa kufuli.

Mzee alituita uani. Mwishehe akamwamkia, "Shikamoo, mzee." Hakuitikiwa.

"Nilikuweka uwatoe watu. Mbona mimi hukunitoa?"

"Nilikustahi, mzee."

"Ndiyo umenifungia ukumbi hivyo. Lete funguo."

Mwishehe akaanza kuzitoa mfukoni. Nilipandwa na hasira, nikasahau kuwa hata mimi ni mwajiriwa.

"Mzee, angekutoa, leo angekuwa na kazi?"

Mzee Nasser aliwasha sigara. Tulikuwa nje, ruhusa.

"Hapana," akasema. "Ningemfukuza palepale."

Kisha akanyoosha mkono, akapokea funguo.